Viungo vya Muhsina na Vidonge vya Thabit

Muhsina hakuwa mtu wa kupimia viungo kwa kijiko. Alipimia kwa vidole, na majirani wa mtaa wa Ghubra waliowahi kula kwake walijua kuwa vidole hivyo havikosei. Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa mdogo, na mapishi alifunzwa na mama yake. Pilau yake ilinukia iliki na bizari nyembamba tangu mlangoni. Kila Ijumaa alipika mkate wa kumimina.

Mumewe, Thabit, alikuwa na gereji kule Ghala. Alirudi nyumbani saa nane mchana, njaa inamuuma, na kukuta sinia ya wali imeshapakuliwa. Baada ya wali ilikuja kahawa na tende. Tende hakuzihesabu. Baadaye chai, vijiko vitatu vya sukari.

Mwaka jana Thabit alishikwa na kiu isiyokwisha. Akawa anakwenda haja ndogo kila saa, na macho yakaanza kuona ukungu. Alipopimwa kwenye kituo cha afya, aliambiwa ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimpa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, akamtaka apunguze wali na vitu vitamu.

Wiki za mwanzo vidonge vilimvuruga tumbo. Siku hizo hizo Muhsina aliletewa ujumbe wa sauti na Khulood, mtoto wa ammi yake. Khulood alieleza kwamba mbegu za uwatu zilizolowekwa, zikichanganywa na unga wa mdalasini, zinaondoa sukari yote mwilini. Glasi moja asubuhi inatosha, alisema, na vidonge vinaharibu figo. Hakuwa na nia mbaya. Habari hiyo aliletewa na mtu, na mtu huyo naye aliletewa na mwengine.

Muhsina aliamini. Uwatu aliujua tangu utoto wake, vidonge hakuvijua. Alivitia vidonge vyote kwenye mtoto wa meza, akaanza kumpa mumewe ile glasi kila asubuhi. Tumbo la Thabit likatulia. Wote wawili wakadhani amepona, na sinia ya wali ikabaki vile vile.

Miezi miwili ikapita.

Mchana mmoja Theodora, mwanamke wa Bukoba aliyekuwa akiwasaidia kazi za nyumbani, aliingia jikoni ameshika soksi kwa ncha za vidole.

"Mama, samahani," alisema. "Soksi hii ya baba ina damu na usaha. Ya jana pia ilikuwa hivi. Nilidhani ni uchafu wa gereji."

Muhsina aliipokea, akainusa, akatoka nayo jikoni. Thabit alikuwa amejinyoosha ukumbini baada ya kula. Alimnyanyua mguu wa kulia, akauona unyayo. Chini ya kidole gumba palikuwa na donda kubwa kama tende, kingo zake nyeusi. Katikati kilikuwa kimezama kichuma chembamba.

"Umeumia lini, Thabit?"

"Nimeumia wapi?" akauliza.

Jibu hilo lilimtisha Muhsina kuliko donda lenyewe. Mumewe alikuwa anatembea na chuma ndani ya mguu, wala hasikii kitu.

Jioni ile ile walikuwa hospitali. Sukari ilipimwa ikawa kumi na tisa, zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa, na Thabit alilazwa siku tano. Chuma kilitolewa, donda likasafishwa. Daktari aliwaeleza bila kuficha kwamba sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa inayoleta hisia miguuni. Mtu huumia asijue. Wangechelewa wiki moja zaidi, kidole kingekatwa, na pengine si kidole peke yake. Kisha akauliza kuhusu vidonge.

Thabit alimtazama mkewe, halafu akamwambia daktari kuwa aliviacha mwenyewe, kwa uvivu tu.

Muhsina alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda. Angeweza kunyamaza. "Si yeye, daktari," alisema. "Ni mimi niliyemwachisha. Nilimpa uwatu badala yake."

Daktari hakumgombeza. Aliandika, akamwambia vidonge virudi kuanzia siku hiyo, vimezwe pamoja na chakula ili tumbo lizoee. Na kama dawa inamsumbua, mgonjwa arudi kusema. Asiiache kimya kimya.

Waliporudi nyumbani, Muhsina aliliogopa jiko lake. Makopo ya viungo aliyapandisha rafu ya juu kabisa. Alimchemshia Thabit kuku na maboga, bila chumvi wala bizari wala kitunguu thomu. Thabit alikula kwa adabu, kama mtu aliye ugenini. Siku ya saba Thabit alianza kupelekwa gereji, akasimamia kazi akiwa amekaa kitini. Siku ya tisa, wakiwa njiani kwenda kusafisha donda, Muhsina aliona chini ya kiti cha gari karatasi zenye mafuta ya sambusa na vikombe vitatu vya chai ya maziwa, masalio ya sukari yameganda chini.

Alitaka kugomba. Lakini alipomwona Thabit ameinamisha kichwa, aliziokota karatasi, akazitia kwenye mkoba. Walipofika kituo cha afya, na Thabit akiwa anafungwa bandeji, alikwenda kwa Balqees, mtaalamu wa lishe wa pale. Balqees alikuwa binti mdogo, lakini bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Pemba, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Muhsina akaziweka karatasi mezani.

"Nimemnyima kila kitu, mwanangu," alisema. "Sasa anakula nje kwa kujificha. Nifanye nini?"

Balqees alimuuliza anapika nini. Aliposikia habari ya kuku na maboga, aliuliza viungo viko wapi. Muhsina akasema kavipandisha rafuni, maana ndivyo vilivyomponza mumewe.

"Viungo havikumponza, Bi Muhsina. Kilichomponza ni kuacha dawa. Viteremshe."

Alichukua kalamu, akachora sahani. Nusu ya sahani ni mboga, bamia au mchicha au saladi. Robo ni samaki, kuku au dengu. Robo iliyobaki ndiyo ya wali au mkate, kwa sababu vyakula hivyo vikifika tumboni vinageuka sukari kwenye damu. Tende mbili tatu na kahawa, basi. Chai bila ya sukari.

"Chai bila ya sukari hatoinywa," alisema Muhsina.

"Tia iliki, tia kijiti cha mdalasini. Harufu yake humsahaulisha mtu sukari. Tangawizi, thomu, ndimu na bizari zinaleta ladha, kwa hiyo chumvi na mafuta unaweza kuvipunguza. Uwatu nao una nyuzinyuzi. Ukiutia kidogo kwenye mchuzi hauna neno, na huenda ukamsaidia kidogo. Lakini hauwi badala ya dawa. Na usimpe kwa wingi bila ya kumwambia daktari. Uwatu mwingi juu ya vidonge unaweza kuishusha sukari kupita kiasi, mtu akatetemeka, akatoka jasho, akaanguka."

Kesho yake Muhsina aliyateremsha makopo. Alimpaka samaki wa nguru kwa thomu, pilipili manga, bizari na ukwaju, akamchoma. Bamia alizipika na nyanya na chembe chache za uwatu. Wali aliupima kwa kikombe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, na mkono ulikuwa mzito. Thabit alipofika alisimama mlangoni kwanza, akinusa. Alimaliza sahani, akaomba tena. Akaongezewa bamia. Aliitazama sahani, akamtazama mkewe, akala.

Si kila siku ilikuwa nyepesi. Sikukuu ilipofika, halwa ilipita mbele yake mara nne, na mara mbili mkono wake haukujizuia. Muhsina hakumsema mbele ya watu. Kesho yake walirudi kwenye sahani yao. Donda lilipofunga, baada ya wiki kumi, daktari alimruhusu matembezi marefu, na kila jioni baada ya Maghrib wawili hao walikwenda nusu saa kwa miguu mtaani kwao. Thabit alivaa viatu vilivyofunga mguu wote.

Kipimo kingine, kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kilikuwa kimefika asilimia kumi na moja alipolazwa. Kiliporudiwa, kilisoma saba nukta mbili. Daktari alifurahi. Vidonge hakuvifuta.

Balqees ndiye aliyemwomba Muhsina aje kituoni Jumapili moja asubuhi, awapikie kina mama wenye wagonjwa wa sukari nyumbani. Walikuja kumi na watano. Muhsina alipika dengu za tangawizi na samaki wa ndimu, huku akiwaonesha vipimo. Walionja, wakatazamana, wakaomba sahani.

Mama mmoja aliyekaa mwisho aliuliza, "Kwa hivyo hivi viungo ndivyo vilivyomponya mumeo?"

Muhsina aliweka mwiko chini.

"Hajapona, dada yangu. Sukari bado anayo. Mimi nilimwachisha dawa nikampa uwatu, na mguu wake ulikuwa ukatwe. Siku hizi anakula hivi, anatembea, na dawa haachi. Leo asubuhi kameza kidonge chake, nimemkagua nyayo, kisha kenda Ghala kazini."

Yule mama alifungua mkoba wake. Akatoa pakiti ya vidonge ambayo haijafunguliwa. Akainuka, akamwendea Balqees, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mumewe avimeze kabla ya kula au pamoja na chakula. Balqees akamvutia kiti.