Kigugumizi cha Babu

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na sikuwa na mpinzani.

Kila Jumamosi asubuhi nilifagia chumba cha mbele, ambamo kaka yangu hutengeneza kompyuta za watu, kisha nikamwekea Bibi kiti. Bibi alikuja kumsikiliza Babu. Kabla Babu hajatutoka, kaka alimrekodi akisimulia maisha yake. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, akimuaga Bibi kwa sauti ya chini.

Sauti hizo zilikaa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta isiyoshikika inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Kompyuta moja kubwa inaweza kubeba kompyuta kadhaa za namna hiyo, kama nyumba yenye wapangaji. Kila mmoja ana chumba chake, ila bomba la maji ni moja, na bomba lenyewe ndilo diski, mahali kila kitu kinapohifadhiwa. Bomba likitoa maji polepole, mpangaji anakaa na ndoo tupu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Babu. Alianza neno, akanyamaza, akalimalizia baada ya muda. Bibi alisikiliza hadi machozi yakamlengalenga.

"Mume wangu hakuwa na kigugumizi," alisema.

Kaka alikuwa akitoka kwenda kwa mteja. Aliniambia, "Profesa, usiguse kitu. Nikirudi tutapima kwanza tujue kinachoichelewesha diski."

Profesa nikagusa. Ndani ya mashine ya Babu nilikuta rundo la mafaili ya picha. Kwa mafundi, picha ni kumbukumbu ya hali ya mashine ilivyo wakati fulani: unaihifadhi kabla ya kujaribu jambo jipya, ili ukiharibu urudi ulikotoka. Nilizijua vizuri, kwa sababu nilizipiga mimi. Kila nilipoingiza mchezo mpya kwa siri nilipiga picha, nikasahau kuiondoa. Nikadhani ni takataka zilizoziba bomba. Nikazifuta zote kwa mkono, nikijiona daktari.

Mashine ikakataa kuwaka.

Kaka aliporudi nilimwambia umeme ulikatika. Akainua macho kutazama pangaboi. Lilikuwa likizunguka taratibu juu ya kichwa cha Bibi, ambaye hakuwa ameondoka kitini tangu asubuhi. Bibi akanigeukia. Macho yake yalinishinda, nikasema kweli yote, pamoja na michezo.

Kaka aliketi. Alinieleza kwamba tangu picha ya kwanza, kila kilichoandikwa kiliwekwa juu yake, tabaka juu ya tabaka. Ili kusoma neno moja, mashine ilibisha hodi tabaka baada ya tabaka, ndiyo maana Babu alikwamakwama. Dawa ilikuwa kuyaunganisha matabaka kwa programu yenyewe. Mimi niliyang'oa, na vilivyomo vikaenda nayo.

Akaiwasha mashine kwa diski ya chini kabisa, ya kabla ya picha zangu, ambayo ndiyo pekee iliyobaki. Sauti ikatoka laini kama maji: Babu akiwa mzima, akicheka, akisimulia baiskeli yake ya kwanza. Kigugumizi kilikuwa kimepona. Tukatafuta kuaga kwake. Hakukuwapo, kwa kuwa kulirekodiwa baada ya picha ya kwanza.

Bibi aliinamisha kichwa. Mimi nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Ndipo tukaanza kugombana. Kaka alisema anayekata kabla ya kupima ni mharibifu, si fundi, na uongo wangu ungemfanya atafute ugonjwa kwenye nyaya. Nikamjibu kwamba hakunifundisha kuondoa picha. Akakiri hilo, akaongeza kwamba alipaswa kuweka nakala mahali pengine, kwani picha inayokaa kwenye diski ileile si akiba. Lakini, akasema, nani aliingiza michezo? Na nani, nikauliza, aliniachia nywila ya mashine?

Bibi akafuta macho kwa ncha ya kanga yake.

"Mnagawana lawama kama urithi," alisema. "Mimi aliniaga nikiwa nimemshika mkono, maneno yake ninayo. Nyinyi mlioiachia mashine iwakumbukie, haya, niambieni alisema nini."