Rekodi Tisa za Marehemu

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu jioni, mwalimu alifungua folda ya marehemu mkewe ili bintiye asikilize, kama walivyofanya kila siku isipokuwa Jumamosi. Folda ilikuwa tupu. Rekodi tisa, alizozirekodi mama yule kitandani mwezi wake wa mwisho, hazikuwepo. Mtoto, ambaye nyumba nzima walimwita Kijino kwa sababu ya pengo lake, alisubiri kidogo, kisha akauliza, "Mama amelala?"

Jumatatu, saa nne asubuhi, fundi wa kompyuta alikuwa sebuleni kwao. Ndiye aliyeziunga kompyuta za nyumba ile mwaka uliopita: waya mmoja tu, kutoka kwa mwalimu sebuleni, kupitia tundu la ukutani, hadi chumbani kwa shemeji yake. Shemeji huyo, mdogo wa marehemu, alikuwa akimlea Kijino tangu ana miezi minne. Alichapa barua za watu chumbani, mwalimu akazifungua upande wake na kuzitoa kwenye printa.

"Nakala nyingine iko wapi?" fundi aliuliza.

"Si kwa mama mdogo wake? Naziona huku, naziona na kule. Ziko mbili."

"Mwalimu wangu, hiyo ni moja, iko kwenye kompyuta hii. Ni chumba kimoja, mnakichungulia kwa madirisha mawili."

Mwalimu alikaa chini taratibu.

"Mwizi tunamjua," alisema mama mdogo kutoka mlangoni. "Jumamosi nani alijimwaga kwenye kiti hicho? Bibi harusi mtarajiwa. Hata hajaingia ndani, ameshaanza kufagia."

"Kama ni yeye, ndoa hakuna," alisema mwalimu.

Fundi alitazama folda. Ilibadilishwa mara ya mwisho Jumamosi, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri. Akafungua pipa la taka la kompyuta. Lilijaa mitihani ya zamani na picha zilizotoka na ukungu. Rekodi hazikuwemo. Alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme.

"Asiiwashe mtu. Kilichofutwa huweza kufufuliwa kwenye diski, mradi hakijaandikwa kingine juu yake. Na wewe, dada, saa tisa Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kichwa kiliniuma. Nililala toka saa nane mpaka saa kumi na moja. Kompyuta sikuigusa, sikuiwasha."

"Mlango?"

"Niliufunga kwa ufunguo. Kijino ana kelele, unamjua."

Mchumba wa mwalimu, nesi, alifika saa saba akiwa bado na sare ya kazi. Hakukaa.

"Nilichapa ratiba ya zamu za wodini, basi. Hizo rekodi sijawahi hata kuzigusa. Naona aibu kuzisikia, ni kama kupiga hodi kwa mtu aliyelala."

"Hukuona kitu chochote kigeni?"

"Labda kale kamchoro ka kona ya chini ya skrini. Kalikuwa na alama nyekundu tangu nimekaa. Kwenye saa tisa alama ikatoweka, nikasema haya, nimeshaharibu kitu cha watu. Baada ya robo saa hivi ikarudi."

Fundi aliufuata waya kwa macho hadi kwenye tundu la ukutani. Kisha akawaomba wote wasogee mezani.

"Ukifuta kitu kwenye kompyuta hii, kinaangukia kwanza kwenye pipa lake. Ukikifutia upande wa pili wa waya, hakipiti humo. Kinapotea machoni moja kwa moja."

"Si angelimwaga hilo pipa?" mama mdogo alidakia.

"Angelimwaga, na mitihani ya mwaka jana ingeondoka. Halafu kuna ile alama. Waya huu unaunganisha kompyuta mbili tu. Ya chumbani ikiwa imezimwa, huku kunakuwa na alama nyekundu. Ikiwashwa, inaondoka. Jumamosi saa tisa iliwashwa, dada, kwa robo saa, ndani ya chumba ulichokifunga mwenyewe."

Mwalimu alimgeukia. "Shemeji?"

Mama mdogo alishika ukingo wa meza.

"Nimembeba mgongoni. Surua yake nimeikeshea mimi. Jioni nikimwita kula ananiambia, 'Subiri, naongea na mama.' Mama! Basi mimi nani? Na huyu akiingia mwezi ujao, mimi natoka na begi langu. Nilijua mtamshuku yeye."

"Ni sauti ya dada yako," mwalimu alisema.

"Ndiyo maana sikuweza kuisikiliza hata mara moja."

Nesi alivuta kiti, hatimaye akakaa. Fundi aliichomoa diski ya kompyuta ya sebuleni, akaondoka nayo ndani ya mkoba ili ajaribu kuzifufua rekodi. Njiani alijilaumu: folda ile aliiacha wazi, yeyote aweze kufuta, kwa sababu siku ile alikuwa na haraka.

Alhamisi alasiri alirudi. Rekodi nne zilikuwa nzima. Nyingine nne zilikuwa zimekwenda moja kwa moja. Ya tisa, ambayo mwalimu hakuwahi kuifungua kwa kuwa marehemu alisema ni ya siku Kijino atakapoanza shule, ilipatikana nusu.

Walisikiliza wote. Sauti ilikuwa dhaifu, yenye pumzi katikati ya maneno.

"Mwanangu, huyo anayekusuka, anayekuogesha, ni mdogo wangu. Mimi sitakuwepo. Kuanzia leo nataka umwite..."

Kukafuata mkwaruzo, kisha kimya.

Kijino alimgeukia mama mdogo. "Amesema nikuite nani?"