Mwanamke Asiye na Pua

Mvua ya Oktoba iliwasukuma watu wa barabara ya Southampton Row, London, kwenye mgahawa mmoja wa chai. Enid Garrod, koti lake la kijani likichuruzika maji, akajikuta meza moja na kijana mrefu mwenye tai iliyokaa upande.

"Ulikuwa unawaza nini sasa hivi?" kijana akamuuliza.

"Hata jina hujaniuliza, unataka mawazo?"

"Jina ulipewa tu. Mawazo ni yako."

Enid akacheka mpaka chai ikampalia. Ndivyo alivyonaswa, maskini.

Gilbert Ames alikuwa mwandishi, wa lile kundi lililozuka London baada ya Vita Kuu. Waliowatangulia walianza riwaya kwa kueleza pua ya mtu, ukoo wake na mapato ya baba yake. Hawa wapya walidai mtu si pua wala ukoo. Mtu ni yale yanayompita kichwani akimenya yai, na wa asubuhi siye wa jioni. Mimi niliwaona vichaa, lakini Enid alishapenda, na apendaye haoni kasoro.

Yeye kazi yake ilikuwa kupanga herufi katika chumba cha chapa cha Bibi Pruett, na riwaya ya Gilbert ikaletwa humo humo. Herufi za madini ya risasi hazikutosha kitabu kizima. Kurasa chache zikishachapwa, Enid alizivunja, akarudisha herufi kwenye visanduku, akapanga nyingine. Kwa hiyo alimsoma mwanamke aliyesimuliwa kitabuni polepole, herufi kwa herufi, kwa vidole vyake mwenyewe.

"Mpenzi, mwanamke wako hana pua," alimtania kwenye simu.

"Nimemnyima makusudi. Ukimpa pua utamtazama. Nataka uwe yeye."

Akawa yeye kweli, na hapo ndipo hofu ilipomwingia. Mwanamke yule alivaa koti la kijani. Alichukia harufu ya kabichi ngazini. Akiitwa jina ghafla alishtuka, kana kwamba ameitwa mtu mwingine, na hiyo Enid hakuwahi kumwambia kiumbe. Akaanza kuogopa vioo.

Asubuhi moja akaufikia ukurasa ambao mwanamke anafungua dirisha la ghorofa ya juu, anayatazama mawe ya uani, anajiona mwepesi. Trei ya herufi ikamponyoka Enid, ukurasa mzima ukatapakaa sakafuni.

Simu ikalia.

"Kipenzi, umefika dirishani?"

"Umeingia kichwani mwangu ukaiba, Gilbert! Sasa unataka nijirushe?"

"Enid, ngoja, nisikilize..."

Akakata simu.

Gilbert alifika mbio, bila kofia, shati limegandamana na kifua. Enid akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usinisogelee!"

"Koti ni lako. Kabichi pia, uliisemasema mwenyewe. Lakini dirisha si lako. Ni langu. Tangu nirudi vitani, kila asubuhi nalifungua. Sikuthubutu kuandika 'mimi', nikambebesha yeye."

"Na kushtuka ukiitwa jina?"

"Mimi huyo. Kwani na wewe?"

Hasira ilimtoka Enid, hofu ikabaki, ila sasa alimwogopea mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini herufi huzoleka. Akapiga magoti, akaanza kuokota. Gilbert naye akapiga magoti.

"Anaruka?"

"Sijaandika. Naogopa."

"Leo asubuhi ulilifungua?"

"Nililifungua."

"Halafu?"

"Nikashuka kwenye simu ya ukumbini. Nikakupigia wewe."

Enid akakumbuka jinsi alivyomkatia simu.

"Mungu wangu. Na baada ya hapo?"

"Nilisimama. Kulikuwa na ngazi za kupanda kurudi chumbani na mlango wa kutokea nje." Akamtazama. "Nikatoka."

Enid akamkamata mkono, akaukaza mpaka herufi zikawachoma wote wawili.

"Leo leo unahama chumba kile. Na kesho asubuhi ukiamka utaniona mimi kwanza, dirisha baadaye. Padri tutamtafuta."

"Unanichumbia, bibie?"

"Okota herufi, mpuuzi wewe," akasema huku analia. "Kuna mtu bado amesimama dirishani, tumtoe."