Ulimi wa Asali

Saa nane mchana, jua kali, dada mtu alisikia akiitwa kutoka chumba cha mdogo wake. "Dada, niletee gundi." Maneno matatu, yamenyooka. Mdogo wake, fundi viatu, alikuwa na kigugumizi tangu utotoni; hilo neno gundi peke yake lingemtoa jasho.

Na tena alikuwa marehemu. Miezi mitatu ilishapita tangu auawe kibandani kwake.

Muuaji hakupatikana, ila midomo ilipatikana tele. Watu wa mtaani wakadai kauawa na wezi wenzake. Loo, uzushi ule! Mama yao akaapa kulisafisha jina la mwanawe. Kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa kijana alikuwa mpole, mkweli, ulimi wa asali. Kigugumizi kikapigwa marufuku kutajwa, na dada naye akanyamaza, maana nani apendaye kumtaja maiti kwa kasoro?

Sasa akasukuma mlango, na harufu ya gundi mbichi ikamjaa puani ilhali makopo yote yalikuwa yamekauka, na chini ya kitanda kitu kikagonga, ko, ko, ko, polepole, kama fundi anayepigilia soli, kisha kikatulia, na katika utulivu ule akasikia pumzi ambayo haikuwa yake.

Mganga aliitwa kesho yake. Akanusa, akaguna.

"Hili ni jini. Mmesimulia mtu ambaye hakuwepo, nalo limekuta vazi tupu, likavaa. Mama, mtaje mwanao alivyokuwa kweli, na kasoro zake. Litatoka."

"Nimseme mwanangu kwa kinywa changu? Ya mtaani hayakumtosha?"

"Si kumsema, mama," dada alinong'ona, machozi yakimlenga. "Ndiye yeye. Mimi namtaka yule aliyeniita da-da-dada mpaka chai ikapoa."

"Koma! Huyu kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje. Mmoja wameniulia. Wa pili mniulie nyinyi?"

Mganga akafunga mkoba. "Mwenyewe akilikumbatia, mimi sina dawa."

Hatua zake zilipofifia nje, sauti ikacheka taratibu chini ya kitanda.

"Mama, huyu mwanamke anayenichafua ni nani?"

Dada akamgeukia mama yake, akingoja amtetee. Mama akamtazama usoni, bila chuki wala huruma.

"Hata simjui, mwanangu," akajibu. "Wa mtaani huyo."