Hutoki Mpaka AC Ilete Baridi

Kacha!

Jamani, mlango umefungwa kwa nje… na mimi nimo ndani!

Nilikuwa nimesimama juu ya kitanda, bisibisi mdomoni, kichwa kimezama kwenye dari. Mimi ni fundi wa AC. Gari lenyewe ni kuukuu, la kuishi humohumo: kitanda, jiko, choo, vyote ndani. Madirisha hayafunguki. Jua la saa saba linachoma bati, shati limenigandia mgongoni.

Mwenye gari tunamwita Kapteni. Nikamwita.

"Kapteni! Umefunga mlango?"

"Nimefunga! Umeniwekea kompresa mpya, imekufa tena. Hutoki mpaka AC ilete baridi!"

Makubwa haya! Hii ilikuwa mara ya tatu kuitwa. Ya kwanza kompresa ilikuwa imechoka kweli, nikaweka nyingine, nikasafisha chujio, nikamwambia asiliache lijae vumbi. Ya pili nikakuta waya umechomoka. Nikaurudisha, nikajilaumu. Na leo tena?

Nikazima umeme, nikavuta kifuniko.

Waya wa kompresa umekatwa! Mkato safi kabisa, wa mkasi.

Nikageuka. Mke wa Kapteni kasimama nyuma yangu… mkasi mkononi!

Kapteni alishanionya, "Huyu kichwa hakiko sawa, usimsemeshe."

"Dada, usipige kelele," akaninong'oneza.

"Kumbe ni wewe unayeniharibia jina?!"

"Nisamehe. AC ikifanya kazi, mlango huu haufunguliwi. Ikifa, inabidi akuite wewe."

"Haufunguliwi tangu lini?"

"Tangu tuhamie humu."

Hasira zote kwisha. Mara mbili nimeingia humu, hata salamu sikumpa!

Nikapaza sauti, "Kapteni! Gesi inavuja! Fungua, gari linalipuka!"

Uongo mtupu. Hakuna kilichovuja. Nilijua atafungua tu, mkewe si yumo ndani?

Tukasikia viatu… vinakimbia. Vinakwenda mbali! Na ufunguo kaondoka nao!

Mwanamke yule hakulia. Akanitazama.

"Umeona?"

Niliona, wallahi. Nikafuta macho, nikarudi kwenye dari. AC za magari haya hukaa juu ya paa, chini yake pana tundu, na bolti nne tu ndizo zinazoishika, kutokea ndani. Nikazifungua moja moja, jasho linaniingia machoni. Tukaweka mabega.

"Sukuma, mama! Sukuma!"

Mashine ikalalia upande… anga hiyoo!

Yeye akapita chwaa. Mimi na nyonga hizi nikakwama katikati kama kizibo! Wewe unayecheka, nakuona. Jirani mmoja alipanda na mafuta ya kupikia, ndipo nikachomoka.

Majirani wakajaa. Kapteni akarudi mbio, mikono kichwani.

"Kompresa yangu! Mmeiua kompresa yangu!"

Mkewe yuko juu ya paa, amelowa jasho, na mume hajamuuliza hata kama ameumia.

"Baki nayo," mkewe akamwambia. "Mimi nakwenda kwa mama."

Akashuka, akaondoka pekupeku. Hakuna aliyemzuia, maana tulikuwa tumemzibia Kapteni njia.

Mafundi wenzangu, mkiitwa kwa ubovu uleule mara ya tatu, msiikague mashine peke yake. Salimieni na waliomo ndani, halafu msubiri wawajibu.