Mafundo Matatu ya Panya

Kila jioni mimi hufuma sweta sebuleni, na mjukuu wangu, tuliyempachika jina la Chiriku kwa kupiga domo, hufanya kazi za shule miguuni pangu. Jioni hiyo alikuwa na ubao wenye nyuzi tatu za sufu: wa binadamu, wa sokwe na wa panya.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Uzi mrefu kuliko mlango, umekaa ndani ya chembe isiyoonekana kwa macho."

"DNA, Bibi! Shangazi ana wimbo mwingine?"

Kweli. Shangazi yake, binti yangu, anafanya kazi maabarani. Ndiye aliyetueleza kuwa uzi huo hujikunja vitanzi vitanzi, na kila kitanzi kina mipaka. Mpaka ukivunjika, maagizo ya kitanzi kimoja yanaweza kuvuka na kuvuruga cha jirani. Alimwandikia Chiriku orodha ya mipaka kumi ya binadamu, akaonyesha ipi sokwe na panya wanayo pia. Kila mpaka, fundo moja. Kesho yake mwalimu angechagua ubao mmoja wa kwenda kwenye maonyesho, na Chiriku aliutaka ushindi huo kwa udi na uvumba.

Shangazi aliporudi, aliuinamia ubao, akahesabu. Uso ukambadilika.

"Panya ana mafundo kumi? Mimi niliandika saba!"

"Nimeongeza matatu tu, Shangazi. Palikuwa na mapengo, yanachukiza."

"Matatu tu! Watu wameumiza macho miaka mingi kutafuta mipaka hiyo, wewe unaifunga kwa dakika moja?"

Chiriku akafura. "Sasa kosa langu nini? Si Bibi aliyenifundisha, nikiona pengo kwenye sweta nilizibe?"

Lo! Nimeingizwa na mimi! Nikaweka sindano chini.

"Usinisingizie, we mtoto! Sweta naifuma mimi, naitengeneza nipendavyo. Huyo panya ulimfuma wewe?"

Chiriku alifungua mafundo matatu huku amenuna, machozi yakimlenga. Uzi ukabaki na mikunjo pale yalipokuwa.

Kesho yake alirudi akitupa mkoba. "Wamechagua mlima wa volkano! Unatoa povu la sabuni tu! Na mimi nimemwambia mwalimu ukweli wote, hata kwamba nilikuwa nimedanganya!"

"Inauma," alisema shangazi yake. "Lakini sikiliza. Ile mipaka saba imedumu mamilioni ya miaka, tangu sisi na panya tulipokuwa na babu mmoja. Tunajua ina kazi kubwa kwa sababu imedumu pale ambapo mingine haikudumu. Ukifunga yote, hujatuonyesha kitu. Na daktari akiufuata uzi wako wa uongo, atakayeumia ni mgonjwa. Kazi ya kweli ina mapengo yake, mwanangu, yaache yaonekane."

Kisha akauchukua ubao, akaenda kuutundika ukutani maabarani.

Ile mikunjo mitatu bado ipo. Kabla ubao haujaondoka nyumbani, mimi nilitaka kuinyoosha kwa pasi; Chiriku akanizuia.

"Iache, Bibi," alisema. "Nayo ni kweli."