Nyumba Chini ya Ulimi ya Yaya

Sogeeni, bana bangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Weye uliye ku mulango, funga. Redio muizime. Nataka kimya ile ya kanisa wakati padiri anainua mukate, sababu hii habari leo naisema mara moja tu, na kila nikiisema, kisha natapika. Mumeleta ile boîte, sanduku ya muchezo muliyonunua, munataka kambo yenu, aliyezaa bazazi benu, akae na nyinyi ku meza. Nitakaa. Lakini kwanza musikie juu ya nini mi sikubali mutu aweke kipande ya muchezo mu kinywa, hata kwa kuchekesha.

Mbele ya ile myaka mibaya, sisi pia tulicheza. Muzungu mumoja, enjenyeri, wakati wa kurudi kwao alimuachia yaya yangu Kalenga, kaka aliyenitangulia kuzaliwa, boîte kubwa ya karatasi ngumu. Ndani mulikuwa karte, ni kusema ramani ya inchi, bireli bidogo bya muti sawa njiti za kiberiti, kadi za shaba, za mahindi na za mbao, na nyumba ndogo-ndogo za rangi ine. Haikuwa muchezo ya bahati. Ilitaka akili. Unajenga nyumba yako mu muji, unavuta reli, unabadilisha mahindi na shaba, unamufungia mwenzako njia. Ukiweza kuzungusha reli pande zote za nyumba yake, unainyanyua. Inakuwa yako.

Ngeleka, karani wa bureau, njo alitusomea masheria. Alifuta miji ya Bazungu ku karte, akaandika yetu: Kolwezi, Lubudi, Dilolo. Mi sikukanyaga hata darasa moja, lakini rangi najua, na kuona mbali najua. Kila siku ya Mungu, ni kusema Jumapili, misa ikiisha, tulikaa batu bane ku baraza ya Kalenga: yeye, Ngeleka, mi, na Beya.

Beya alikaa ngʼambo ya avenue. Baba yake aliletwa kutoka Kasai, jimbo ingine, kufanya kazi ya mine, kuchimba shaba, yeye mwenyewe alizaliwa hapa Kolwezi na hakujua fasi ingine. Bibi yake wa ndoa, Tshiela, tulikuwa tunasukana nywele. Nyumba yao ilikuwa nzuri kupita zote za ile avenue, na yaya Kalenga, hata wakati wa kucheza, alikaa kiti ile inayoitazama.

Mwaka moja mvua iliingia mu boîte. Zile nyumba ndogo zikavimba, rangi ikatoka, tukashindwa kujua hii ni ya nani. Kalenga akasema: "Kila mutu achonge zake. Achonge ku muti ya mulango yake mwenyewe. Milango yetu haifanani, tutazitambua."

Hakuna mutu aliona ubaya. Tulikuwa batu ba kanisa, bene kazi, tulijiona macho yamefunguka. Tukaenda kila mutu na kisu, tukachonga miimo ya milango yetu.

Tshiela alisimama na tumbo yake changa ya mimba, mikono ku kiuno. "Tata Beya, unakata mulango yetu? Kesho utacheza na kitanda?"

"Kitanda hapana, mama. Ku kitanda mi sishindwake."

Tukacheka mpaka Ngeleka akamwanga munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi, ku karte.

Na tukaweka sheria moja yetu wenyewe, haikuwa mu kitabu. Mbele ya kunawa mikono ajili ya bukari, ugali yetu, kila nyumba iliyokamatwa inarudi mu mukono ya mwenyewe. Anaipokea, anasema: "Nimeingia kwangu." Kisha tunakula. Wiki na wiki, tulifanya vile.

Halafu maneno ikaanza mu muji. Ku redio, ku soko, ku fontaine ya maji. Bakasai barudi kwao. Batu tuliyobatiza nabo batoto balianza kubaita bilulu, ni kusema badudu. Mi nilisikia, nikasema itapita. Beya aliendelea kuja kucheza.

Ile siku ya Mungu ya mwisho, Kalenga alicheza sawa mutu mwenye njaa. Alimunyanganya Beya Dilolo, akamunyanganya Lubudi. Ikabaki nyumba moja, ya Kolwezi. Akavuta reli ya mwisho, akainyanyua na bidole mbili. Haikuchukua hata saa nzima.

"Bon," Beya akasema, "umenimaliza. Leta, tukule."

Kalenga akarudisha ya Dilolo, akarudisha ya Lubudi. Ya Kolwezi, hapana.

Beya akatafuta chini ya meza. Ngeleka akatafuta mu boîte. Kalenga akatikisa kichwa, akafungua mikono yote mbili, tupu. Lakini shavu yake ilivimba upande moja.

Mi niliona, bana bangu. Niliona, na nikacheka mu roho. Niliwaza atamutemea mu sahani, tufurahi. Hakutema. Alinawa, akakula bukari na sombe, majani ya muhogo, mpaka mwisho, anatafuna upande moja, mate na mafuta inamutoka ku pembe ya mudomo. Beya hakusema "Nimeingia kwangu."

Siku ya tatu, vijana balikuja na chaki. Baliandika alama ku mulango ya Beya, pale pale alipokata na kisu. Kisha bakaingia. Balitupa kitanda inje, balitupa masufuria, balitupa Tshiela na tumbo yake ya mwezi ya mwisho. Majirani tulisimama. Halafu majirani bakasogea. Mumoja akachukua kiti. Mumoja akachukua pazia. Mwanamuke mumoja, namujua, tulikuwa tunaimba naye mu korale ya kanisa, alibeba chungu ya sombe ingali inachemuka, na alikuwa anailamba njiani, anajiunguza bidole, analamba tena. Mpaka leo nikiona sombe inachemuka, namuona yeye.

Kalenga alisimama ku baraza yake, mikono mu mufuko. Jioni alikuwa na karatasi: ile nyumba sasa ni yake.

Nilimufuata. "Yaya, tema."

"Niteme nini?" Sauti yake ilikuwa nzito, sawa mutu mwenye kitu nyuma ya meno.

"Nyumba ya batu. Tema, umurudishie Beya."

"Muchezo ni muchezo, mudogo yangu. Nilizungusha pande zote."

Akanitolea ulimi kunichekesha, sawa vile alinifanyiaka tukiwa batoto. Chini ya ile ulimi niliona kitu ya muti. Nyama nyekundu ilikuwa imeanza kuipanda ku pembeni.

Ku gare, stesheni ya train, Bakasai balilala ku vumbi, kisha ku matope, banangoja train isiyokuja. Nilipeleka maji. Nilipeleka bukari. Siku ya sita mvua ilinyesha toka asubui, na Tshiela akashikwa na butshungu ya kuzaa. Hakukuwa na paa, ila bâche moja, turubai yenye matundu, na batu makumi chini yake. Alinishika mukono. "Mama Mbuyu," akaninongʼonezea, "hata jikoni yangu. Nizale tu ku jikoni yangu, kisha nitatoka."

Nilikimbia. Ile njia yote nilikimbia na miguu bila viatu. Kalenga alikuwa ameketi ndani ya nyumba ya Beya, ku meza ya Beya, karte ya muchezo mbele yake, anacheza yeye peke yake.

"Yaya, leta ufunguo ya jikoni. Tshiela anazaa mu matope. Ni kwa masaa mbili tu."

Alifungua kinywa ajili ya kunijibu. Neno haikutoka. Ilitoka mulio. Mulango, bana bangu. Mulango inajifunga, na komeo inaingia. Ndani ya kinywa ya yaya yangu.

Yeye mwenyewe alishituka. Akafunika mudomo. Na mi nikajua jibu yake ni hapana.

Nikarudi. Mutoto alikwisha kutoka. Mwanamuke. Hakulia. Tshiela alimupangusa matope ya macho na mate yake, akamupiga mugongo, akamupulizia. Hakulia. Tulimuzika pembeni ya reli, ndani ya kitambaa yangu. Siku mbili kisha, train ikafika. Beya alipanda bila kunitazama. Alifanya vizuri. Ningekuwa yeye, ningetema mate.

Ile wiki, Kalenga aliita batu kubariki nyumba. Mi nilienda, ndiyo, nilienda. Tumbo yangu ilikuwa na njaa na haya yangu ilikuwa ndogo. Tulikuwa ku meza. Yaya akapiga mwayo.

Mutoto akalia.

Ilikuwa kilio ya kwanza, ile ya mutoto anayetoka sasa hivi. Ilitoka mu koo ya yaya. Alipofunga kinywa, ikanyamaza. Tukatazamana. Ngeleka akachukua kofia yake, akaenda.

Toka pale, ile kinywa ikawa nyumba yenye batu. Asubui ulisikia kifagio. Saa sita ulisikia kinu. Na harufu! Mi njo nilimufulia mito, najua. Kinywa ilinuka moshi, ilinuka matandiko iliyolowana, ilinuka nepi. Akikohoa, alitema majivu. Siku ingine alitema maji ya kijivu, yenye povu ya sabuni na nywele ndefu ya mwanamuke, nywele iliyosukwa. Niliitambua ile musuko. Ni mi niliyeisuka.

Aliogopa, sasa. Aliniita mi na Ngeleka, akakaa ku kiti, akafungua kinywa. Ngeleka alikuja na koleo. Nyama ilikuwa imefunika ile nyumba ya muti karibu yote, ilibaki kipande sawa punje ya mahindi. Ngeleka akaishika, akavuta. Haikutoka damu. Ilitoka mafuta ya mawese. Akavuta tena.

Na ndani, mutu akavuta upande wake.

Ngeleka aliachia koleo. Tukaiona inaingia, polepole, mpaka Kalenga akaikamata na mikono mbili na kuipokonya. Ku chuma mulikuwa alama ya bidole, bidogo, sawa bya kitoto. Ngeleka alitapikia mulangoni. Hakurudi tena.

Myaka ikapita. Yule mutoto wa ndani alikuwa anakomaa. Nilimusikia anatambaa. Nilimusikia anajifunza kutembea, akianguka yaya anashika taya. Ikafika siku akaanza kusema, na sauti ndogo, ya karibu sana, na kila mara alisema na yaya peke yake, anamuita baba: "Tata. Tata wa inje. Leta."

Sababu ule mutoto alikuwa na njaa. Kalenga alikula sahani moja, mbili, tatu, na alikonda. Alitia tonge mu kinywa, na mbele ya kumeza, unasikia ndani: sahani zinapangwa, mutu anaparaza chungu. Kwenye tumbo haikufika kitu. Mwana yake Kitenge alimulisha uji na murija, auvushe mpaka ku koo. Ule murija ulirudi umetafunwa. Alama za meno ya mutoto, ndogo, safi.

Alijifunga kitambaa ku taya. Hakusema tena na mutu. Mara moja tu, siku za mwisho, alinivuta sikio karibu na mudomo yake. Nilifunga pua na bidole, sikio nikaiacha pale: ni yaya yangu. Nilingoja aombe musamaha. Nilitaka aseme jina ya Beya, hata mara moja.

Akanongʼona: "Mudogo, ni nyumba yangu. Ambia hao batoke."

Nikanyanyuka. Nikapangusa sikio yangu. Sikulia, wala ile siku, wala ku kilio yake.

Alikufa kisha myaka kumi na mbili, na tonge ya bukari mu mukono. Mi njo nilimuosha, sababu babibi bengine balikataa kugusa ile kinywa. Nilifungua kitambaa. Nikafungua taya. Nikanyanyua ulimi na kijiko.

Hapakuwa na muti. Hapakuwa na uvimbe wala kidonda. Ile nyama ya chini ilikuwa safi, kavu, na juu yake mistari midogo imepangana, imepangana, sawa kiwanja ya mutu aliyefagia kwanza, kisha akahama.

Kilio ya maziko ilipokwisha, tuligawa bintu byake. Nyumba ya Beya ilimufikia Kitenge, na mpaka leo anakaa ndani na bana yake. Baiskeli ilimufikia Mukalay, mwana ya ndugu yetu mukubwa. Karte na bireli bilimufikia Ngeleka, naye akabichoma bila kufungua boîte. Mi nilipata blanketi, na nililifua mara saba, halafu nikalitupa.

Na Joyeuse, mutoto ya mwisho ya Kitenge, hakupewa kitu. Alikuwa angali mudogo, alikuwa amelala mu chumba ya pembeni ile siku ya kuosha, kinywa wazi. Sasa munamujua, ile musichana mwembamba. Anakula sahani mbili. Akimaliza ya kwanza, anamushukuru mama yake na Swahili yetu. Akimaliza ya pili anashukuru tena, taratibu, na sauti ya mukubwa: "Twasakidila." Ni Tshiluba, maneno ya Kasai. Mu ile nyumba, hakuna mutu anaijua.